Kipua na Birika la Mkonge

Kila asubuhi, jogoo wa jirani alipokuwa bado anasafisha koo, Kipua alikuwa ameshafagia ua, ameshajaza ndoo za maji na ameshainjika chai ya Shangazi. Kazi hizo hakuzilalamikia. Kwa Shangazi yule, mtoto hakupata hata nafasi ya kujifunza kulalamika. Jambo moja tu lilimkondesha, nalo lilikuwa nyuma ya nyumba, ndani ya kibanda cha mabati: birika la kuvundikia mkonge.

Kipua halikuwa jina lake. Watoto wa mtaani walimbandika kwa sababu ya pua yake, ambayo haikuwa kubwa wala ndogo, ila haikutulia. Akipita buchani, pua ilijikunja. Akipewa maziwa yenye utando juu, ilijikunja. Mtoto wa jirani akimkumbatia huku makamasi yanamchuruzika, pua ilijikunja mpaka macho yakabaki vijitundu viwili.

"Pua hiyo tungeipeleka ofisi ya afya," Shangazi alipenda kusema. "Wangeipa meza na kiti."

Kipua aliishi na Shangazi tangu wazazi wake walipohamia kazini mbali. Shangazi alikuwa msokota kamba, na mtaa mzima uliziamini kamba zake. Wachukuzi wa mizigo walifungia magunia kwa kamba zake, wafugaji walifungia ng'ombe wakorofi, na watu wa visima hawakununua kwa mtu mwingine. Lakini kamba nzuri na nyeupe haianzi ikiwa nzuri wala nyeupe. Inaanzia birikani.

Birika lilikuwa la saruji, pana kama kitanda, na kina chake kilimfika mtu mzima kiunoni. Majani ya mkonge yalipondwa kwanza kwa nyundo ya mti, kisha yakalowekwa humo ili yavunde. Siku za mwanzo maji yalikuwa na rangi ya chai. Baadaye yakaanza kutoa mapovu. Mapovu yakageuka utando wa kijivu, mzito kama ngozi ya uji uliopoa, na nzi wakatua juu yake kwa raha zao kama wenye nyumba. Ukiusogeza utando huo kwa kijiti, uliona mabuu meupe yakijinyonganyonga. Na harufu yake haikuishia puani. Iliingia mdomoni, ikakaa juu ya ulimi, ikasubiri chakula.

Kipua alikuwa akipita hapo amebana pumzi, mbio, kama anayekimbia mvua. Mpaka siku mwiba wa ncha ya jani la mkonge ulipomchoma Shangazi kiganjani.

Mkono ulivimba ukawa kama andazi. Muuguzi wa zahanati aliusafisha, akaufunga bendeji, akamwonya asiutie kwenye maji machafu mpaka upone kabisa. Shangazi alirudi nyumbani, akamwita Kipua kwenye kibanda cha mabati.

"Sasa wewe ndiye mkono wangu," alisema. "Kila asubuhi utaupima mkonge. Usichukue jani la juu, la juu ni la kudanganya. Ingiza mkono mpaka chini, toa jani moja, lisugue kwa vidole viwili. Nyama ikigoma kutoka, bado. Nyama ikiteleza na zikabaki singa peke yake, zile nyuzi za kusokota, safi kama nywele zilizochanwa, njoo uniite siku hiyohiyo."

"Nikichelewa kidogo je?"

"Ukiuwahi, nyama inang'ang'ania singa. Ukiuchelewa, singa zenyewe zinaingia ugonjwa. Na kamba yenye ugonjwa haikohoi, mwanangu. Utaisikia siku inapokatika."

Kipua alilitazama birika. Povu moja kubwa lilipanda polepole, likapasuka, likatoa pumzi yake.

"Shangazi, hatuwezi kutumia koleo?"

"Koleo lina vidole? Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Na mtaka singa sharti ainame na pua yake. Haya."

Siku hiyo aliinama. Alifumba macho, akaingiza mkono. Utando ulimkumbatia kiwiko, vuguvugu. Ndani kulikuwa na utelezi kama matumbo ya kuku, na kitu kidogo kikatambaa kati ya vidole vyake. Alishika jani, akalitoa, akalisugua. Nyama ya jani iligoma. Kabla hajasema "bado", kifungua kinywa chake kilitoka chote, kikamwagika pembeni mwa birika.

"Hicho nacho umeshakiloweka," Shangazi alisema, akamletea maji ya kusukutua. Hakuwa mkali, lakini hakubadilisha amri.

Kipua alijisugua kwa sabuni mpaka ngozi ikawasha. Hata hivyo, darasani, jirani yake wa dawati alianza kusogea. Msichana huyo alikuwa mwembamba sana, wakamwita Kijiti, na alikuwa rafiki yake mkubwa.

"Leo umelala na nini?" Kijiti alinong'ona.

"Kwa nini?"

"Kuna kitu kimekufa hapa."

Mbele ya darasa, mwalimu wa sayansi alikuwa akichora vijumba vidogo ubaoni. "Ng'ombe ana mifupa," alisema. "Mmea hauna mfupa hata mmoja. Basi nani anaushikilia usianguke? Ni kuta za seli zake. Tazameni hapa, nitawaonyesha ukuta mmoja umejengwa kwa nini na nini." Kipua alinyanyua kalamu ili anakili. Vidole vilipokaribia uso, harufu ilimpiga kutoka chini ya kucha. Alishusha mkono, akaukalia. Hakusikia neno jingine mpaka kengele ilipolia. Wakati wa mapumziko, watoto wawili walipomkaribia na kugeuza njia huku wameziba pua, aliapa moyoni kwamba mkono wake hautaingia tena mle.

Asubuhi iliyofuata aliingia kibandani, akasimama mbali na birika, akapigapiga maji kwa ufito ili Shangazi asikie. Alihesabu pumzi chache, akatoka.

"Bado, Shangazi."

"Sawa."

Ilikuwa rahisi kuliko alivyodhani. Kesho yake akasema tena bado, na keshokutwa pia. Uongo wa kwanza aliusema akitetemeka. Wa nne aliusema huku anakunywa chai.

Lakini pua yake, ile isiyotulia, ilikuwa inajua. Harufu ya birika ilianza kubadilika. Mwanzoni ilikuwa chachu, kama maji ya muhogo uliolowekwa. Sasa ilikuwa nzito, ya yai viza, na ilifuata watu mpaka mlangoni. Mapovu yalipungua. Utando ukawa mweusi pembeni.

"Joto lote hili na bado?" Shangazi aliuliza jioni moja, akigeuza kichwa kuelekea kibandani.

"Majani yalikuwa magumu, nadhani."

Shangazi alimtazama kidogo. "Tutayatoa kesho, yawe yalivyo."

Kesho yake waliyatoa. Kwa kuwa Shangazi alikuwa bado na bendeji, Kipua ndiye aliyesuuza, amejifunga kitambaa puani na machozi yanamtoka. Aliona ajabu moja: nyama ya majani haikuhitaji kusuguliwa. Ilidondoka yenyewe, rojorojo la kijani kibichi lililojaa mabuu, likazama kwenye beseni. Singa zilibaki nyeupe kweli. Alipozipigapiga kwenye jiwe ili zitoe maji, zilianza kukatika. Moja, kisha nyingine, kisha vifungu vizima, bila kelele yoyote.

Alitazama nyuma. Shangazi alikuwa anaongea na mteja mlangoni. Kipua aliviokota vipande vyote, akavifukia kwenye shimo la takataka, akavimwagia majivu.

Singa zilipokauka, zilimeremeta. Shangazi alizigusa kwa mkono wake mmoja mzima, akakunja uso.

"Mbona laini hivi?"

"Nimezisuuza sana, Shangazi."

"Vuta uzi mmoja kwa nguvu. Mimi mkono haushiki. Umekataa kukatika?"

Kipua aliuzungusha uzi kidoleni, akauvuta kwa nguvu za mtu anayevuta shuka ya mgonjwa. "Umekataa."

Wakasokota. Kipua alijiambia kwamba kamba hizo ni za kufungia kuni tu na mbuzi. Mbuzi akikimbia, atakamatwa. Kuni zikianguka, zitaokotwa.

Wiki hiyohiyo paka wa mwenye duka alipotea. Walimtafuta darini na chini ya magari. Hakuna aliyemtafuta kisimani, mpaka asubuhi moja ndoo ilipopanda na manyoya. Ndoo ya pili ilipanda na harufu. Mama mmoja aliyekuwa ameshapika uji kwa maji ya jana, na watoto wake wameshaunywa, aliketi chini kwenye matope akashika tumbo. Kisima hicho ndicho kilichonywesha mtaa mzima pamoja na shule.

Wakamwita Mzee Chini. Kazi yake ilikuwa kuchimba na kusafisha visima, na jina hilo alilipata kwa sababu kila mtu aliyemwulizia nyumbani kwake alijibiwa na mkewe, "Yuko chini." Alikuwa mwembamba, mikono mirefu, na hakuwa na haraka na jambo lolote. Alipita kwanza kwa Shangazi.

"Kamba yangu imechakaa," alisema, "na huyo paka hataki kupanda mwenyewe. Nipe ndefu kuliko zote."

Shangazi alichukua moja ya zile nyeupe, akamkabidhi. Mzee Chini aliipitisha mkononi kwa mapenzi, kama mtu anayepapasa mgongo wa farasi.

"Mke wangu huniuliza roho yangu naiweka wapi nikiwa shimoni," alimwambia Kipua. "Namwambia, kwa msokota kamba. Shangazi yako ndiye anayeitunza."

Kipua alihisi kichefuchefu, na safari hii hakukuwa na harufu yoyote hapo uani. Kilianzia tumboni na kupanda, kizito, kama ameumeza ule utando wa kijivu. Aliwafuata mpaka kisimani. Njiani alijiambia atasema watakapofika kwenye kona. Kona ikapita. Akajiambia atasema wakifika langoni mwa shule. Lango likapita.

Kisimani watu walikuwa wamejaa, kila mmoja na kitambaa usoni. Mwalimu wa sayansi alikuwepo pia na ndoo yake. Uvundo ulitoka shimoni kwa mawimbi, na kila wimbi lilipofika watu walirudi nyuma hatua moja wote pamoja. Mzee Chini peke yake hakuziba pua. Aliwasha mshumaa, akaushusha ndani ya kopo ili apime hewa, akauona unawaka vizuri mpaka chini. Kisha akajifunga ile kamba nyeupe chini ya makwapa, akawapa vijana wenye nguvu upande wa pili, akaweka mguu mmoja juu ya ukingo.

Kipua alitazama fundo kifuani mwa mzee. Akakumbuka singa zilivyokatika bila kelele.

"Mzee, usishuke na kamba hiyo."

Alidhani amepiga kelele, kumbe sauti ilitoka ndogo. Mzee Chini aligeuka.

"Kuna nini, mjukuu wangu?"

"Imeoza."

Kijana mmoja alicheka. "Kamba mpya imeoza?"

Kipua hakumtazama huyo. Alimtazama Shangazi, aliyekuwa amesimama kando na mkono wake wa bendeji. "Nilikuwa nakwambia bado, na mkono sijatia. Nilitia siku ya kwanza tu. Siku nyingine nilipiga maji kwa ufito. Na singa zilikatika nilipokuwa nasuuza. Nikazifukia. Na ule uzi sikuuvuta."

Mzee Chini alitoa mguu wake ukingoni, taratibu, akafungua fundo. Alimtazama Kipua kwa namna ambayo watu wale walikuwa wakikitazama kisima. Hilo lilimchoma kuliko matusi. Maisha yake yote yeye ndiye aliyekunja pua. Leo ndiye aliyekunjiwa.

"Tuipime," mzee alisema.

Walifunga ncha moja kwenye nguzo ya kisima, vijana wakashika nyingine wakavuta. Kamba ilikatika kwa sauti ndogo, kavu, kama bua. Vijana walianguka kwa makalio, na hakuna aliyecheka. Mzee Chini aliokota ncha iliyokatika, akaitazama, kisha akatazama shimo lenye giza.

Minong'ono ikaanza. "Ndizo kamba tunazofungia mizigo juu ya vichwa vya watu?" "Mimi mwanangu anabembea kwa kamba yake."

Shangazi alisogea mbele. "Kamba ni yangu," alisema. "Mtoto amedanganya, lakini mimi ndiye niliyeuza kitu nisichokipima kwa mkono wangu. Aliyechukua kamba kwangu tangu nifungwe bendeji hii, asiitumie. Tunazikusanya zote leo."

Alipolisikia neno hilo, Kipua alilia. Alikuwa amejiandaa kupigwa. Hakuwa amejiandaa kumwona Shangazi akiinamisha kichwa mbele ya mtaa.

Fundi wa magari alileta mnyororo wake wa kuvutia magari mabovu, pamoja na mkanda mpana wa turubai, na Mzee Chini akashuka kwa huo. Baada ya muda sauti yake ilipanda, "Vuteni ndoo." Ndoo ilipofika juu, mwenye duka aligeuza uso. Paka alikuwa amevimba kama kiriba, manyoya yamebanduka mabakamabaka, na maji meusi yalimtoka mdomoni. Ndoo iliwekwa chini, na duara la watu likapanuka. Kila mmoja alimsubiri mwenzake.

Kipua aliichukua. Hakuna aliyemtuma. Aliibeba mpaka nyuma ya ukuta wa shule, akichuruzikiwa mguuni, akitapika mara moja njiani na kuendelea, akachimba shimo refu na kuizika ile maiti chini ya udongo na majivu. Kijiti alimfuata kwa mbali, kisha kwa karibu. Mwishowe akashika jembe.

"Unanuka vibaya sana," Kijiti alisema.

"Najua."

"Nasema tu." Akaendelea kufukia.

Jioni hiyo Kipua alipita nyumba kwa nyumba kuzikusanya kamba. Kila mlango alitakiwa aeleze mwenyewe. Wengine walimsikiliza. Mchukuzi mmoja alimtupia kamba miguuni na kumwambia kwamba juzi tu alibebea gunia la saruji juu ya ngazi kwa hiyohiyo. Kipua aliiokota, akasema, "Nisamehe, kaka," akaenda mlango mwingine.

Aliporudi, alimkuta mwalimu wa sayansi uani, amekaa na Shangazi. Mwalimu alikuwa na kioo cha kukuzia, na juu ya kigoda kulikuwa na singa mbili: moja ya kamba ya zamani, nyingine ya ile iliyokatika.

"Njoo utazame," mwalimu alisema. "Siku nilipolifundisha hili ulikuwa umeukalia mkono wako."

Kipua aliona aibu, lakini aliinama. Singa nzuri ilionekana laini na nzima, kama waya. Ile nyingine ilikuwa imechanikachanika, ina vishimo, kama mti ulioliwa na mchwa.

"Ukuta wa seli ya mmea ni kama ukuta wa nyumba ya udongo," mwalimu alieleza. "Kuna fito ndani, kuna udongo wa kushikilia. Fito zake ni nyuzi nyembamba mno zinazoitwa selulosi. Hizo ndizo zenye nguvu ya kuvutwa. Udongo unaogandisha seli na seli unaitwa pektini, ni kitu laini chenye kunata. Na mmea ukishakomaa, unaongeza kitu kingine kigumu, lignini, kinachokaza kuta zisipinde. Mbao imejaa hiyo. Ndiyo maana mti mkubwa unasimama na upepo, na mchicha unalala ukikosa maji siku moja."

"Basi birika linafanya nini?" Kipua aliuliza.

"Vijidudu vya birikani vinakula. Vinaanza na kilicho laini: nyama ya jani na ile gundi, pektini. Gundi ikiisha, singa zinaachana na nyama. Siku hiyo ndiyo ya kuutoa mkonge. Ukiviacha, havifungi mdomo viende kulala. Chakula laini kimekwisha, vinageukia selulosi, fito zenyewe."

Shangazi alitikisa kichwa kwa kuridhika. "Mimi miaka yote nasema singa zimeugua. Kumbe zimeliwa."

"Wewe uliujua ugonjwa, mimi najua jina la mgonjwa," mwalimu alijibu, na wote wawili wakacheka.

Shangazi aliinuka, akawachukua mpaka kwenye mikonge iliyopandwa kando ya ua. Alimwonyesha Kipua katikati ya mmea, pale majani machanga yalipokuwa yamejifunga pamoja kama mwavuli, meupe na mororo. "Hili silikati kamwe. Ukilisokota kamba, inakatika hata kwa kuku. Nakata ya chini, yaliyokwisha kukua."

"Kwa sababu hiyohiyo," mwalimu alisema. "Seli changa inataka kurefuka, kwa hiyo ukuta wake ni mwembamba, unanyumbuka. Ukuta ungekuwa mgumu tangu mwanzo, jani lisingekua. Likishafika urefu wake, ndipo linaongeza selulosi na lignini, tabaka juu ya tabaka. Kwanza kukua, kisha kukomaa."

Kipua aligusa jani changa kwa kidole, kisha la chini, gumu kama upanga. Kwa mara ya kwanza alitaka kujua kilichomo ndani ya kitu kinachonuka.

Walipondaponda majani mapya, wakayaloweka. Kila asubuhi Kipua alijifunga kitambaa puani, akakunja mkono wa gauni, akaingiza mkono mpaka chini. Karaha haikupungua. Utando ulikuwa uleule, mabuu yaleyale, na kulikuwa na siku alizorudi na chai yake haikunyweka. Lakini alitoa jani la chini, akalisugua, akasema kilichokuwepo. Bado. Bado. Kidogo bado. Halafu asubuhi moja nyama iliteleza kati ya vidole vyake na zikabaki singa, ndefu na nzima. Aliizungusha moja kidoleni, akaivuta kwa nguvu zake zote mpaka ikamkata ngozi. Ilikataa.

"Shangazi," aliita, "leo."

Wakati huo Shangazi alikuwa ameshafunguliwa bendeji na jeraha limeziba. Alikuja, akavuta mwenyewe uzi mmoja, akavuta wa pili, akasema, "Leo kweli."

Kamba ya kwanza ya birika hilo waliipeleka kwa Mzee Chini, aliyekuwa bado na matope ya kuzoa kule kisimani. Hakuipokea kwa mapenzi kama ile nyingine. Aliifunga kwenye nguzo, akawaita vijana walewale na wengine zaidi. Walivuta mpaka mishipa ya shingo ikatokeza. Nguzo ilitikisika, kamba haikusema neno. Ndipo mzee alipojifunga chini ya makwapa. Kabla ya kushuka alimwambia Kipua, "Shika nawe huku juu. Nataka uhisi uzito wa mtu." Kipua alishika nyuma ya vijana, na kamba ilipokazana mikononi mwake alihisi mwili mzima wa mzee ukishuka, pumzi kwa pumzi. Hakuiachia mpaka mzee alipopanda akiwa mzima, matope mpaka masikioni, akiulizia sabuni.

Waliporudi nyumbani Shangazi alimmiminia maji ya kunawa.

"Unafikiri mimi sisikii kinyaa?" alimwuliza. "Miaka yote hii kila nikiinama pale tumbo langu linageuka. Kinyaa si kosa, mwanangu. Kinyaa kikikwambia unawe mikono kabla ya kula, kisikilize, kinakutakia afya. Kikikwambia usinywe maji ya paka, kisikilize. Lakini kikikwambia uongo, usikipe nafasi. Uongo ni kama vile vijidudu. Unaanza kwa kula vitu laini, neno dogo, asubuhi moja, na huoni kilichopungua. Ukiuacha humo ndani, unafika kwenye zile fito zinazokushikilia wewe na watu. Watu wanaoniamini mimi walikuwa wananing'inia kwenye neno lako moja, bado. Kazi inayonuka ukiifanya kwa ukweli, sabuni inatosha. Ukiifanya kwa uongo, hakuna sabuni."

"Nimesikia, Shangazi."

"Usikie na kesho pia. Majani mengine yanalowekwa asubuhi."

Pua ya Kipua ilijikunja. Shangazi aliiona, akamwongezea maji mikononi, na Kipua akanawa tena mpaka kwenye viwiko kabla ya kwenda kula.